Aliyesimama Chini ya Tao

Gari lilizima taa kabla ya kona.

Marisela Archuleta alikuwa ameinamia kamera yake alipouona mwanga ukipanda kilima cha mbali, ukashuka, ukapotelea nyuma ya mwamba. Pale ambapo kila dereva mwenye akili timamu huongeza taa, huyu akazizima zote. Moyo ukamlipuka paa! Katika jangwa lote lile la kusini mwa Utah palikuwa na mwanamume mmoja tu mwenye adabu hiyo, na aliyemfundisha ni yeye Marisela mwenyewe, tena kwa matusi.

"Mungu wangu," akajisemea. "Dallin."

Miguu ilimwambia akimbie, lakini akimbilie wapi? Gari lake lilikuwa nyuma ya vichaka, stendi za taa zimetapakaa mchangani, na ardhi aliyosimama ilikuwa malisho ya ng'ombe wa akina Stubbs, yaani kwao Dallin. Mwizi amekamatwa shambani. Akabaki pale pale, akajipangusa mikono kwenye suruali, kisha akajikuta akitengeneza nywele gizani, akajichukia.

Miaka sita nyuma, mahali hapo hapo, mbele ya tao la mwamba, Dallin Stubbs alikuwa amekuja kwa kishindo akitafuta mtamba aliyepotea, taa za gari zimewaka kama za uwanja wa mpira. Marisela alikuwa katikati ya kazi yake: kupiga picha za nyota juu ya miamba ya jangwa, na mwamba wenyewe akiumulika kwa taa mbili ndogo bapa, alizozififisha mpaka jicho lisilozoea giza haliwezi kuziona. Kamera hufunguliwa muda mrefu ikinywa mwanga kidogo kidogo. Likipita gari moja tu lenye taa, picha imekufa, na macho ya mpigaji nayo yamepofuka kwa nusu saa nzima.

"Wewe mwanamume una wazimu?" alimfokea siku ile. "Zima hayo majua yako!"

"Namtafuta mtamba wangu, dada."

"Ana rangi gani?"

"Mweusi."

"Mweusi, usiku huu? Kila la heri!"

Dallin alicheka mpaka akaegemea boneti. Mtamba alijirudia mwenyewe kesho yake, lakini Dallin aliendelea kuja kumtafuta wiki nzima. Ndivyo lilivyoanza. Wakapendana miaka miwili, na sasa ilikuwa imepita mingine minne bila salamu.

Mlango wa gari ulifungwa taratibu kule chini. Nukta nyekundu ikaanza kupanda njia ya ng'ombe: tochi ya kichwani, nyekundu, isiyoumiza macho. Hata hilo hakusahau.

"Kamera imefungwa?" sauti ikauliza kutoka mbali.

"Imefungwa. Pita."

Alipofika alizima tochi, wakabaki wanatazamana kwa ule mwanga hafifu wa taa bapa uliougusa mwamba mwekundu na kuwarudia wao. Alikuwa amevaa koti lile lile la jinzi lenye kola ya manyoya ya kondoo. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kama siku zote.

"Umekonda," Dallin akasema.

"Na wewe umezeeka."

"Asante. Nimejitahidi." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia njiani. "Niliona kinukta chekundu cha tochi yako toka zizini. Nikasema ama ni yeye, ama ni mwizi wa ng'ombe."

"Uliomba iwe yupi?"

"Mwizi ningejua cha kumwambia."

Marisela akainama kwenye begi lake, akatoa chupa ya chai, ambayo haijawahi kutiwa chai hata siku moja. Akamimina kahawa kwenye kifuniko, akaanza kumnyooshea, akakumbuka, akaurudisha mkono. Watu wa kanisa la akina Stubbs hawagusi kahawa.

"Ninuse tu," Dallin akasema. Akanusa kweli, amefumba macho. Zamani ndiyo ilikuwa desturi yao: yeye anakunywa, mwenzake ananusa.

"Nimesikia ni Jumamosi," akasema Marisela, akitazama pembeni.

"Nani kakwambia?"

"Yule mama wa pale sheli. Sijafika hata kwenye chenji, ameshanipa jina la bibi harusi, Corinne, umri wake na rangi ya keki."

"Keki ni nyeupe."

"Ndivyo alivyosema." Akameza kahawa, ikamuunguza. "Hongera, Dallin."

"Kwa hiyo ukaja hapa."

"Nimekuja kupiga picha. Tao hili nalijua kuliko... Nilitaka niagane nalo, basi. Geti nimelikuta halina kufuli."

"Halijafungwa kufuli tangu ulipoondoka. Mama hataki lifungwe."

Hapo Marisela alicheka kicheko kikavu. "Bi Verda? Labda amefungua ili nyoka wapite waniume."

Maana huyo Bi Verda Stubbs, kwa miaka minne yote, ndiye aliyebeba lawama zote moyoni mwa Marisela. Kila alipoamka peke yake katika chumba cha hoteli ya barabarani, alimkumbuka mwanamke yule mnene, mwenye aproni iliyopigwa pasi, siku ya chakula cha Jumapili. Mezani kulikuwa na viazi vya jibini na jeli ya kijani iliyochanganywa karoti. Marisela, mtoto wa kijiji cha New Mexico aliyezoea chakula chenye pilipili, aliila jeli ile kwa heshima zote.

"Kwa hiyo wewe, binti, usiku hulali," Bi Verda alimwambia.

"Nalala mchana, mama."

"Mchana. Na watoto watalala saa ngapi? Nao watanyonya saa za popo?"

"Mama!" Dallin aling'aka.

"Nauliza tu, mwanangu. Mimi ng'ombe wangu huamka alfajiri. Mke anayeingia kitandani wakati mumewe anatoka, hao wataonana lini? Kwenye picha?" Kisha akamgeukia Marisela, tena bila ubaya, akamwongezea jeli. "Kula, kula. Umekauka kama bundi wa ghalani."

Tangu siku hiyo akawa ndiye bundi. Na usiku ule walioachana, Dallin alipotoweka bila kwaheri, Marisela hakuhitaji kuuliza. Mama ameshinda, alisema. Akakunja stendi zake, akaondoka kabla jua halijachomoza, na simu hakupiga. Kiburi ni blanketi: kinakufunika vizuri, lakini unalala peke yako.

"Amenunua kalenda yako," Dallin akasema.

"Nani?"

"Mama. Hakujua ni yako, aliona tu mwamba wetu akafurahi. Ameitundika jikoni juu ya jiko. Mwezi wa sita umeisha zamani, lakini hataki kuufunua."

Picha ya mwezi wa sita ndiyo iliyompa jina. Tao la jiwe, Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota, imepita katikati yake kama moshi mweupe, na chini yake amesimama mwanamume anayepenyeka: nyota zinaonekana ndani ya kifua chake. Watu waliinunua hiyo. Walimwandikia kumuuliza ni marehemu gani. Ukweli ulikuwa mdogo tu. Mtu akisimama mbele ya kamera iliyofunguliwa, kisha akaondoka kabla haijafungwa, picha humchukua nusu.

"Wiki iliyopita mama alikuwa anakoroga jamu ya aprikoti," Dallin akaendelea. "Akainua macho akaitazama. Akasema, 'Huyu kivuli anasimama kama baba yako. Bega moja chini.' Akasema, 'Na baba yako hajawahi kukanyaga kule usiku.' Basi, akazima jiko, jamu ikiwa bado mbichi. Akaniuliza, 'Dallin, ni wewe?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia yote. Kwamba ni mimi, na kwamba siku ile nilikuwa na pete mfukoni."

Kifuniko cha kahawa kilimtoka Marisela mkononi.

"Pete gani?"

Dallin alimtazama, akamtazama tena, kama mtu anayehesabu upya. "Hukujua?"

"Pete gani, Dallin?"

"Ya bibi yangu. Siku ile mchana nilimwambia mama kwamba naondoka na wewe, kokote unakokwenda, ng'ombe wabaki kwa kaka. Alilia, Mari. Alilia mpaka saa ya kukamua. Halafu akaja zizini na pete imefungwa kwenye leso. Akaniambia, 'Kama ni bundi, basi ni bundi. Mwambie aje, tutamjengea kiota.'"

Loo! Kuna maneno yakikufikia mapema ni asali, yakichelewa ni wembe. Marisela alikaa chini mchangani. Miaka minne alikuwa amemchukia mwanamke aliyeifungua njia kwa machozi yake mwenyewe. Alitaka kuuliza swali lililofuata, na hakutaka kulisikia jibu lake.

"Basi kwa nini uliondoka?"

"Kwani kumbukumbu zako zinasemaje?"

Zilisema hivi. Dallin alikuja akihema, uso umemwiva kwa furaha. Alisema, "Mari, nina jambo." Na yeye, kwa kuwa Njia ya Maziwa ilikuwa inaingia kwenye tao na haingoji mtu, alimpandishia kiganja: "Subiri! Usiongee! Kasimame pale chini, nataka mtu. Usitikisike mpaka niseme." Dallin akauliza, "Mpaka lini?" Naye akajibu, "Mpaka niseme, jamani!" Akaiacha kamera ijipige yenyewe, picha baada ya picha. Akaangalia ya kwanza kwenye kioo, akaiona ni nzuri ajabu, akalewa. Akanyakua kamera ya pili, akakimbilia upande wa nyuma wa mwamba kujaribu nyingine. Aliporudi, mahali palikuwa patupu.

Kila mpiga picha za usiku anaijua amri ya kwanza ya kazi hii. Uliyemsimamisha gizani hakuoni, hajui kamera imefunguka ama imefunga, anangoja sauti yako tu. Ukimaliza, mwite. Usipomwita, anasimama.

"Sikukuita," akasema polepole.

"Hukuniita."

"Nilikusahau."

"Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilikuwa nimeshika pete ndani ya mfuko, najiambia, akiita tu, napiga goti hapa hapa. Halafu nikakusikia upande wa pili. Ulikuwa unacheka, Mari. Peke yako. Ulifurahi kweli kweli." Dallin alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kubeba. "Nikawaza, huyu mwanamke hanihitaji mimi. Anahitaji kitu kinachosimama. Nikaondoka."

"Ungeniita wewe!"

"Uliniambia nisiongee."

"Kesho yake basi! Kesho kutwa! Simu ulikuwa nayo!"

"Na wewe?"

Upepo ulipita kwenye vichaka vya mireteni, ukaleta harufu ya vumbi na majani makali ya jangwani. Marisela alikuwa analia waziwazi sasa, bila kujificha, machozi na kamasi vyote pamoja. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na huyu wake alikuwa amekuja kukaa pajani kabisa.

"Nisamehe," akasema. "Dallin, nisamehe. Nilidhani mama yako... Miaka yote hii namlaani mama yako!"

"Anajua. Alisema lazima utakuwa unamlaani, ndiyo maana masikio yanamuwasha." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa chupa ndogo ya kioo, akaiweka juu ya jiwe. "Amekuletea hii. Ni ile jamu. Haikushika vizuri kwa sababu aliizimia moto."

Marisela alicheka ndani ya kilio. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Corinne anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyenituma. Mama aliniuliza nitafanyaje, nikaona aibu kumficha mtu ninayemwoa. Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, 'Ukimwona amerudi, nenda kwake. Mimi nimeshafiwa na mume mmoja. Sitaki wa pili aliyesimama sehemu mbili.'" Dallin alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Ni mtu mzuri, Mari. Ana wasichana wawili. Yule mdogo ameng'oka meno ya mbele, ananiita Dawin."

"Unampenda?"

"Nampenda." Akairudisha kofia kichwani. "Si kama nilivyokupenda wewe. Lakini nampenda, na ni kweli."

"Sasa kwangu unataka nini?"

"Nataka unisimamishe tena pale. Mara moja. Halafu uniambie kwa mdomo wako mwenyewe, niondoke au nibaki. Sijawahi kuondoka vizuri pale mahali. Nikilisha ng'ombe nipo pale. Kanisani nipo pale."

"Na nikisema ubaki?"

Dallin alitazama chini. "Usiniulize swali ambalo jibu lake linamuumiza mtu asiyekuwepo."

Hilo lilikuwa jibu, na wote wawili walilijua.

Marisela aliinuka. Mikono ilifanya kazi yake yenyewe. Alisogeza taa ya kulia nyuma kidogo, akaishusha mwanga mpaka mwamba ukabaki na rangi ya kaa linalozimika. Akamfuata Dallin chini ya tao, akamgeuza uso, akalisawazisha koti lake. Mkono wake ukakawia juu ya lile bega la chini. Alinukia majani makavu na sukari iliyoungua. Walitazamana kwa karibu, na lau mmoja wao angepumua kwa nguvu pengine hadithi hii ingekuwa nyingine. Hakupumua mtu.

"Usitikisike," akanong'ona.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Akarudi kwenye kamera akihesabu mawe kwa miguu asianguke. Akaifungua. Juu ya tao nyota zilikuwa nyingi mno, na ile Njia ya Maziwa ilikuwa imeingia pale pale ilipoingia mwaka ule, kana kwamba hakuna kitu kilichotokea duniani. Dallin alisimama. Hakukohoa wala hakujikuna. Kamera ikalia *kacha*, ikafunga.

Marisela hakusema kitu.

Kule Dallin hakuweza kusikia kamera, umbali ulikuwa mkubwa na upepo ulivuma kutoka kwake. Angesimama. Huyu mtu, Marisela aliwaza, ukimnyamazia atasimama. Atasimama usiku huu, na kesho, na Jumamosi itapita, na keki nyeupe itakauka. Alikuwa wake kwa kunyamaza tu! Hakuhitaji hata kumwomba. Neno moja, *baki*, au hata bila neno. Moyo wake ulimwambia nyamaza, nyamaza, nyamaza mpumbavu wewe, utapata wapi mwingine? Alimtaka kwa kila kiungo cha mwili. Alimtaka na mama yake, na jeli ya karoti, na ng'ombe wa alfajiri.

Na pale chini ya tao Dallin alikuwa amesimama na baridi, anangoja sauti, kama alivyongoja mara ya kwanza.

Kumsahau kulikuwa kosa. Kumnyamazia makusudi kungekuwa ukatili, na Marisela alijua atakavyojiona asubuhi kwenye kioo cha gari. Akaweka mikono mdomoni.

"Dallin!" Sauti ilikatika, akaianza upya. "Dallin! Nimemaliza! Ondoka hapo, nenda nyumbani!"

Mwamba uliirudisha sauti yake mara mbili. Dallin hakutikisika mara moja. Alivua kofia, akaishika kifuani, kama mtu anayemuaga bibi kizee mlangoni. Kisha ile nukta nyekundu ikawaka, ikaanza kushuka njia ya ng'ombe. Hakupitia kwake. Angepitia, asingeondoka, na labda alilijua hilo.

Kioo cha kamera kiliwaka kumwonyesha picha. Marisela hakukiangalia. Mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikipa mgongo, akamsindikiza mtu kwa macho mpaka mwisho.

Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikanguruma. Alitamani, yeye aliyewahi kumtukana mtu kwa ajili ya taa, Dallin aziwashe pale pale, zote, zimpofue, zimwone anavyolia. Aharibu kila kitu.

Lakini Dallin Stubbs alikuwa amefundishwa akafundishika. Gari liliteremka gizani polepole, likipapasa njia, na taa hazikuwaka mpaka lilipopita kona.